Muulize Yaya: "Futa foto ao toa makuta"

SWALI: Yaya, jambo. Niko mupiga foto, ndoa na aniverseri njo kazi yangu, lakini siku ya yenga napenda kutembea mu ville, hapa Lubumbashi, na aparei ya foto, napiga majumba ya zamani na batu. Juzi, karibu na Place de la Poste, askari mmoja akanisimamisha, eti kupiga foto ya vitu ya Leta (serikali) ni makosa, akakamata aparei, akasema futa yote ao toa makuta (pesa). Nikafuta. Iko kweli sheria ya vile? Tena, kuna mama wa soko ya Kenya nilimupiga foto anauzisha mikate, nikaiweka Facebook, sasa mutoto yake ananitisha. (Mupiga foto, Kampemba)

JIBU: Mudogo yangu, pole. Vitu ya Leta? Hata barabara uliyosimama ni ya Leta! Katiba ya Kongo (RDC) ya 2006, artikle 23, inasema kila mtu ana haki ya kutoa mawazo yake kwa maneno, kwa maandishi na kwa picha, ndiyo, picha imetajwa kabisa. Lakini inaongeza: mradi uheshimu sheria, utulivu wa watu wote na tabia nzuri, na hapo ndipo kila mwenye iniformu anapopitia. Kwa hiyo kambi ya jeshi, uwanja wa ndege wa Luano, mpaka wa Kasumbalesa, askari wakiwa kazini, weka aparei mu saki, sitakutetea. Shemine ya Gécamines, ile kampuni ya madini ya Leta, unaiona toka mbali, ipige ukiwa njiani, ila kuingia ndani ni kwa ruhusa, na ruhusa ya maandishi. (Sammy Baloji, mupiga foto, mtoto wa hapa hapa, foto za hivyo viwanda zilimpeleka mbali.)

Siku ingine usikimbilie kufuta, na usivutane naye pia. Sema polepole, "shefu, twende pamoja kwa OPJ" (ofisa wa polisi anayechunguza makosa), juu anayetafuta makuta ile safari haipendi hata kidogo. Wakibaki na aparei omba PV (karatasi rasmi ya polisi) iliyoandikwa marke na numero yake. Wakikufunga, artikle 18 iko wazi: wakuambie sababu palepale kwa lugha unayosikia, uweze kuita familia ao avoka mara moja, na kukuweka ndani kwa polisi kusipite saa 48. Na zile ulizofuta, usipige tena na ile karte ya aparei inayoweka picha, kuna programu za kurudisha picha, mara nyingi bado ziko kama hujaandika zingine juu yake.

Kwa mama wa mikate, hapana, mutoto yake iko na neno. Artikle 31 inalinda maisha ya mtu ya binafsi, na mama kukaa sokoni si kukubali kuonekana Facebook kwa watu asiowajua. Itoe leo. Halafu umupelekee ile foto kwa karatasi, umuombe mama mwenyewe, si mutoto, akikubali irudishe, akikataa basi. Na kama kesho kampuni ya unga inaitaka kwa matangazo, hapo ni karatasi yenye sinyatiri yake, na mama apate kitu.