Anzeni na tope, kobalti itawangoja

Wadogo zangu mnaokuja Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Buyu na mada ya uchimbaji madini bahari kuu, wengi wenu huanza na bei ya kobalti. Iacheni kwanza.

Vinundu, yaani mabonge madogo ya mawe yenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti, vimelala juu ya tope laini, kina cha mita 4,000 na zaidi. Vingi viko Pasifiki, kati ya Hawaii na Meksiko. Upande wetu viko katikati ya Bahari ya Hindi, ambako India ina mkataba wa utafutaji. Kinundu hukua milimita chache tu kwa miaka milioni. Mashine inayovizoa huondoka pia na tabaka la juu la tope, ambamo viumbe wengi wanaishi, na tope linalotimka huenda kuwafunika wanyama kama sifongo ambao hawakuguswa. Mwaka 1989 watafiti wa Ujerumani waliburuta plau sakafuni mwa kilindi cha Pasifiki, upande wa Peru. Waliporudi 2015, mifereji ilikuwa bado inaonekana. Huko chini hakuna kusi wala kaskazi ya kuifuta.

Kwa hiyo, kabla ya modeli za kompyuta, nendeni Chwaka. Tekeni maji, chujeni, kausheni tope, pimeni. Kaeni na akina mama wa mwani Paje. Wanaoutikisa mwani ili udongo utoke wanajua udongo huo hufanya nini ukigandia mwani. Lakini msibebe majibu ya Chwaka mkayapeleka mita 4,000. Bebeni maswali. Viumbe wetu wa pwani wamezoea maji machafu ya masika, wale wa kilindini hawajazoea.

Msichanganye pia vinundu na madini ya chemchemi za maji moto za sakafuni mwa bahari. Kwenye chemchemi hizo, Bahari ya Hindi, yupo konokono mwenye magamba ya chuma mguuni. Mwaka 2019 aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kwa sababu ya tishio la uchimbaji. Atakayewaambia kilindini hakuna kitu, mtajieni huyo.

Sheria someni, hata kama inachosha. Mamlaka ya kimataifa inayosimamia uchimbaji kwenye sakafu ya bahari kuu iko Kingston, Jamaica, na tume iliyoiandalia njia iliwahi kuongozwa na Mzee Joseph Warioba wetu, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu.

Na kwenye semina, mgeni akionyesha picha nzuri za meli yake, muulizeni maji ya tope yanayobaki baada ya vinundu kutolewa yanarudishwa baharini kwa kina gani, na nani anayapima.