Steringi Karudi na Mvi Zake, Nami Nikarudi na Sufuria Zangu

Jumamosi iliyopita nimepikia watu 400 Mbagala. Biriani ilitoka kama ninavyoijua mwenyewe, mchele umechambuka punje kwa punje, masala yamekolea mpaka mafuta yakaelea juu. Saa nne usiku mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuja nyuma ya ukumbi tulikowasha moto, akanishika mkono mbele ya vijana wangu, akasema, "Mama, umetuheshimisha." Nililia palepale. Nilipofika nyumbani usingizi haukuja, nikaiweka filamu ya Jailer na kuiangalia mpaka adhana ya alfajiri. Sijui ni mara ya ngapi.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua habari yangu na Rajinikanth, steringi wa filamu za Kitamil za kusini mwa India. Nilimwona kwanza Tanga, nikiwa msichana wa shule, kwenye mkanda wa Andha Kaanoon alioleta kaka yangu. Nyumba nzima tulikuwa watu wa Amitabh Bachchan. Lakini yule mwingine, mweusi kama sisi, nywele zimemwangukia usoni, alivyokuwa akitembea tu nilisahau kutafuna. Kaka akasema, "Huyo ni Mmadrasi, mtu wa Madras, ndiyo Chennai ya sasa. Kwao ndiye mfalme." Basi nikabaki kwake mpaka leo. Baadaye nikajua kwamba alikuwa kondakta wa basi Bangalore kabla ya mwongozaji K. Balachander kumtoa kwenye filamu mwaka 1975. Kondakta! Na mimi wakati huo natembeza maandazi ya mama stendi.

Sasa niwaambie ya 2018, maana wengi mmesikia ya kusikia. Ilikuwa harusi ya watu 350. Ukumbi ulikataa tusiwashe moto, ikabidi tupike nyumbani na kupakia saa nane mchana. Kijana wangu mmoja, kwa haraka, alifunika sufuria za masala zikiwa bado zinafuka, akakaza vifuniko kwa kamba. Foleni, joto, ratiba ikachelewa. Tulipofunua saa tatu usiku, harufu ilinijibu kabla sijaonja. Yamechacha. Sufuria mbili kati ya nne. Mshehereshaji akalitangaza kwenye kipaza sauti na jina langu akalitaja, watu wakacheka. Nilisimama na mwiko mkononi. Hilo la kutajwa bado linaniuma, sitasema limepita.

Asubuhi yake nilirudisha pesa yote, hata ya chakula kilicholiwa. Ndugu zangu waliniona sina akili. Lakini mimi nilikuwa na mwalimu wangu, Rajinikanth. Mwaka 2002 filamu yake ya Baba ilianguka, na yeye akawarejeshea wasambazaji hasara yao kutoka mfukoni mwake. Kisha akakaa kimya karibu miaka mitatu. Aliporudi 2005 na Chandramukhi, ilikaa siku zaidi ya 800 kwenye sinema moja ya Chennai. Alisema yeye si tembo, ni farasi, akianguka huinuka mara moja. Wadogo zangu, mkitaka kurudi, kwanza rudisheni za watu. Mwenye deni harudi, anarejea kujificha.

Mimi niliporudi kupikia watu 2021 nilikosea kwa namna nyingine. Nilichukua mkopo kausha damu, nikanunua sahani nyeusi za mraba na vibao vya kioo, nikawa napanga vitafunwa kwenye vijiti kama mabinti wa Instagram. Nilitaka waniite wa kisasa. Mwaka mzima nilipata kazi tatu.

Agosti 2023 nilikuwa Chennai, nimempeleka mama kupasuliwa moyo. Manesi walikuwa wanamwita "amma", naye anaitika kama kwao. Alhamisi tarehe 10, siku Jailer ilipotoka, alikuwa ameshatolewa kwenye chumba cha uangalizi maalumu, anakunywa uji. Akanitazama akasema, "Leo si ndiyo siku yake? Nenda kamwone mtu wako."

Nilikwenda na kijana wa nyumba ya wageni tuliyofikia, sinema ya Rohini, Koyambedu, onyesho la saa tatu asubuhi. Nje ngoma zinapigwa, picha yake ndefu kuliko ghorofa inamwagiwa maziwa, wazee wenye mvi wanacheza na wajukuu. Ndani, herufi za jina lake zilipoanza kutokea moja moja, kama zinavyotokea tangu filamu yake ya Annamalai ya 1992, ukumbi wote ulisimama, karatasi zikarushwa mpaka sikuona skrini. Nami nilipiga vigelegele. Mama mmoja wa Kitamil, jasmini nywelani, aligeuka akanikumbatia.

Na mle ndani ndimo nilimofunguliwa macho. Wakati huo ana miaka 72, na filamu haikumficha. Ni babu mstaafu, ndevu nyeupe, anamsaidia mjukuu kurekodi video. Mkewe ni Ramya Krishnan, yule yule aliyekuwa adui yake kwenye Padayappa ya 1999! Mambo yanapoharibika hajifanyi kijana wa kuruka kuta. Anakwenda kwa wenzake wa zamani, Mohanlal, Shiva Rajkumar, Jackie Shroff, wakongwe watupu, na kila mmoja akitokea sinema inalipuka. Anageuza shingo tu, na watu wanalia kwa furaha.

Nikasema moyoni, kumbe hivi. Hakurudi kuigiza ujana. Alirudi na kile kile walichompendea, na umri wake juu. Niliporudi Dar niliuza vibao vyote vya kioo. Nikampigia shoga yangu wa Magomeni anayeweza pilau kuliko mimi, nikamwomba kwa unyenyekevu. Nikatangaza biriani, pilau na mkate wa kumimina, basi. Acheni kuwaiga watoto, mashosti. Pikeni mnachokijua.

Lipo na hili. Kabla ya Jailer, filamu ya mwongozaji Nelson iliyotangulia ilikuwa imesemwa vibaya, na Rajinikanth alieleza mwenyewe kwenye uzinduzi wa nyimbo kwamba alishauriwa amfikirie upya. Hakumbadilisha. Mimi nami niliambiwa nimfukuze yule kijana aliyefunika sufuria. Sikumfukuza. Jumamosi ile Mbagala, yeye ndiye aliyesimamia moto, na kila sufuria aliipepea kwa ungo mpaka mvuke ukakata ndipo akaweka kifuniko. Nilimtazama nikanyamaza.

Jana simu imeita. Ni mwenyekiti wa kamati ile ya 2018, anamwoza binti wa pili mwezi wa kumi na mbili, amesikia ya Mbagala. Hakutaja yaliyopita, nami sikumkumbusha. Nimemwambia sharti langu ni moja, moto uwake palepale ukumbini, na amekubali.