Maswali ya Wasomaji: Willie O'Ree, winga wa jicho moja

Toleo lililopita tulimtaja kwa mistari michache Willie O'Ree, Mkanada aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni huko Amerika Kaskazini. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumejibu hizi.

Mmesema alicheza mechi 45 tu na kufunga mabao 4. Hata winga wa akiba wa timu yetu ana zaidi. Mbona anaheshimiwa hivyo? (Msomaji, Tanga)

Hesabu yako ni sahihi, ndugu yetu. Mechi 2 msimu wa 1957–58, nyingine 43 msimu wa 1960–61, zote akiwa na Boston Bruins. Mabao 4, pasi za mabao 10. Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 18 Januari 1958 mjini Montreal. Bao lake la kwanza alilipata siku ya mwaka mpya wa 1961, dhidi ya Montreal hao hao.

Ila kumbuka kwamba hadi 1967 ligi hiyo ilikuwa na timu sita tu, kila moja na wachezaji wasiofika 20. Mwaka 1961 Boston walimhamishia Montreal, klabu iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960. Nafasi ya winga haikuwapo, wakamshusha ligi za chini. Huko ndiko maisha yake ya uchezaji yalikopita, hasa Los Angeles na San Diego, na mara mbili, 1964–65 na 1968–69, alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi ya magharibi, mabao 38 kila mara. Alistaafu 1979 akiwa na miaka 43. Anayemhukumu kwa mechi 45 amesoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Mweusi wa pili kuingia NHL, Mike Marson, alikuja 1974. Pengo hilo la miaka 16 linasema zaidi kuhusu ligi kuliko kuhusu O'Ree.

Ni kweli alikuwa haoni jicho moja? Aliwezaje, na timu haikujua? (Msomaji, Mwanza)

Ni kweli. Msimu wa 1955–56, akiwa bado timu ya vijana ya Kitchener, kisahani kilichopigwa kwa nguvu kilimpata usoni. Kisahani hicho ni raba ngumu, upana sentimita 7.6, unene 2.5, uzito kati ya gramu 156 na 170, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Jicho la kulia lilipoteza karibu uwezo wote wa kuona. Daktari alimwambia mchezo basi. Naye akarudi uwanjani msimu huo huo, akafunga mdomo, kwa sababu kanuni ya NHL ilimkataza mwenye jicho moja kucheza.

Sasa tazama alivyopangwa. Winga wa kushoto hukimbia ubavuni mwa ukuta mfupi unaouzunguka uwanja, upande wa kushoto, kwa hiyo mchezo wote uko kuliani kwake: pasi zinatoka kulia, mabeki wanakuja kumgonga kutoka kulia. Hilo ndilo jicho lililokufa. Ilimbidi ageuze shingo hadi juu ya bega ili aone kisahani, na kila akigeuza alipoteza nukta ya sekunde, huku jicho la kushoto likiwa limeacha kuangalia mbele. Isitoshe, mwenye jicho moja hupima umbali kwa shida, hasa kitu kinapomjia moja kwa moja. Nafasi nyingi alizokosa langoni zilianzia hapo.

Suluhisho lilipatikana Los Angeles: akahamishiwa winga ya kulia. Ukuta ukawa upande wa jicho bovu, uwanja wote upande wa jicho zima. Hasara ilikuwapo. Yeye alishika gongo mkono wa kushoto ukiwa chini, kwa hiyo pasi kutoka katikati zilimfikia upande wa nyuma wa gongo, ambao ni mgumu kutulizia kisahani. Faida ni kwamba akiingia kupiga, ubao wa gongo unakuwa karibu na katikati ya uwanja na lango linaonekana pana zaidi. Yale mabao 38 yalikuja baada ya badiliko hilo. Kwa maoni yetu, lingefanyika miaka minne mapema, pengine angedumu Boston. Lakini nani angelipendekeza, wakati siri hakuna aijuaye?

Nimesikia alicheza na besiboli. (Msomaji, Bujumbura)

Alijaribiwa na Milwaukee Braves, timu ya besiboli ya Marekani, katika jimbo la Georgia, 1956, hakuchukuliwa. Kurudi Kanada alipanda basi. Kusini mwa Marekani, kwa ubaguzi wa rangi wa wakati huo, alilazimika kukaa viti vya nyuma kabisa. Kadiri basi lilivyopanda kaskazini ndivyo alivyosogea kiti baada ya kiti, na alipofika mpakani alikuwa amekaa mbele.

Na heshima za uzeeni? (Msomaji, Dodoma)

Tangu 1998 ni balozi wa NHL kwa watoto wasiofikiwa na mchezo huu, na ni kazi hiyo iliyomwingiza kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo 2018, katika kundi la wajenzi, yaani waliouendeleza mchezo, si la wachezaji. Boston waliistaafisha jezi yake namba 22, yaani haivaliwi tena na mchezaji mwingine wa timu hiyo, tarehe 18 Januari 2022.

Mwanangu anajifunza mchezo huu Nairobi. Nimlinde macho vipi? (Mama, Nairobi)

Dada, enzi za O'Ree walicheza kichwa wazi. NHL ililazimisha kofia ngumu kwa wachezaji wapya 1979, na kioo cha uso 2013. Kwa mtoto, kioo cha nusu uso hakitoshi; mnunulie wavu kamili wa chuma. Kofia ikae upana wa kidole kimoja juu ya nyusi, mkanda wa kidevu upitishe kidole kimoja tu. Akitikisa kichwa, kofia isibaki nyuma. Kagua skrubu za wavu kila juma, maana hulegea kwa mitetemo, na wavu uliopinda usiunyooshe, nunua mwingine.

Akipigwa jichoni: usiliminye, usilioshe, usitie matone. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kifunike jicho bila kuligusa, ukibandike kwa plasta kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu. Aketi kichwa juu, asipenge kamasi, asipewe aspirini. Asile wala kunywa njiani, kwani huenda akahitaji upasuaji. Mboni isiyo duara, damu ndani ya jicho, au kuona vitu viwili-viwili: hospitali saa hiyo hiyo, si kesho asubuhi.