Ukuta wa udongo mwekundu machimboni: usiuamini

Umeuliza kama ukuta wima wa udongo mwekundu hapo mlimani ni salama, kwa kuwa umesimama kiangazi chote. Ndugu yangu, nakuomba usiuamini. Wekundu huo ni kutu ya chuma tu, haukuambii lolote kuhusu uimara wake.

Chota konzi moja, uloweshe kidogo, uuviringishe viganjani. Ukitoa uzi mwembamba unaopinda bila kukatika, huo ni udongo wa mfinyanzi. Chembe zake hazifiki milimita 0.002, hushika maji na kuyaachia polepole. Ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukilowa huwa mzito na huteleza. Hatari zaidi ni pale udongo huo unapolalia mwamba ulioinama: maji hukusanyika kwenye mpaka huo, na tabaka zima huserereka kwa mkupuo. Punguza mwinuko, chimba kwa vidato kama ngazi, na mtaro wa kukinga mvua upite upande wa juu wa shimo. Ukiona ufa ukingoni, watu watoke kwanza, vifaa baadaye.

Ukikwaruza na kusambaratika mkononi, ni kichanga. Huo hupitisha maji haraka, ila ukikauka huporomoka bila onyo.

Udongo mweusi wa juu, ambao mlimani huwa haba, utenge mbali na kifusi. Ndio utakaorudisha majani. Na maji ya kifusi yakiwa na rangi ya machungwa, huenda mawe yana salfaidi, yaani madini yenye salfa, zinazozalisha asidi. Yazuie yasifike mtoni, na yapimwe.