Vidonge vya dada yangu na kizazi changu

Jamani nilipofika miaka 51 joto lilikuwa linanipanda usiku mpaka shuka linalowa, na Dar yenyewe mnaijua, feni inazunguka na mimi nimekaa kitandani najipepea na khanga saa tisa usiku. Dada yangu anaishi Uingereza, anameza estrojeni, homoni ya kike wanayopewa waliokoma hedhi, na imemsaidia kweli, basi alivyokuja likizo akaniachia paketi kibao. Nikameza. Wiki chache tu nalala fofofo, dada nikamwona malaika.

Mwezi wa nane, damu. Mimi hedhi ilishakoma miaka miwili nyuma, sasa damu ya nini tena? Utrasaundi ikaonyesha ukuta wa ndani wa kizazi umefika milimita 11, na kwa mtu aliyekoma hedhi halafu anatoka damu, ukizidi 4 au 5 tu wanataka kuchukua kinyama wakapime. Daktari akaniuliza, huyo dada yako ana kizazi? Hana! Alishatolewa sababu ya uvimbe. Kumbe kwake estrojeni peke yake ni sawa, kwangu ilikuwa inanenepesha ule ukuta kila siku na hakuna cha kuuzuia. Kusubiri majibu sitaki hata kusimulia. Haikuwa kansa, seli zilikuwa zimezidi tu, nikapewa projesteroni, homoni nyingine inayouzuia ule ukuta usinenepe, na baadae kinyama kikapimwa tena, safi.

Kwa hiyo kama kizazi unacho, estrojeni ya kumeza, kupaka au kubandika lazima iende na projesteroni. Mimi sasa napaka jeli mkononi, na usiku nameza projesteroni miligramu 100, inaleta usingizi hiyo kwa hiyo imeze ukiwa unaenda kulala. Daktari alichagua jeli kwa sababu nina presha na mwili mkubwa, ya kumeza inapitia kwenye ini na inaongeza hatari ya damu kuganda, ya kupaka kwa dozi ya kawaida haijaonekana kuongeza.

Ukienda sema yote bila aibu: kansa ya titi, damu kuganda, kiharusi, moyo, ini, au damu inayotoka ukeni hujui sababu. Wapo wanaokataa homoni moja kwa moja tangu ule utafiti wa Marekani wa 2002 uliotisha watu kuhusu homoni, lakini wale wanawake wastani wao ulikuwa miaka 63, ukianza kabla ya 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome hesabu ni nyingine. Hatari ya kansa ya titi ipo, ni ndogo, ila inapanda kadiri unavyotumia miaka mingi, msidanganywe na mtu.

Ukishaanza rudi baada ya miezi mitatu. Matonetone ya mwanzoni ni kawaida, yakivuka miezi sita au damu ikianza upya, nenda. Na kama tatizo ni ukavu tu huko chini, kuna krimu ya estrojeni ya dozi ndogo ya kuweka ukeni, hiyo haidai projesteroni.

Dada nilimpigia siku ile ile nimetoka hospitali. Akanyamaza weee, halafu akasema yeye alishampa hata shangazi paketi mbili.