Jibu: Paka watatu, dume anakojoa kwenye zulia

Habari ndugu. Umesema una paka watatu, mabeseni yao mawili ya mchanga wa kujisaidia yamekaa pamoja bafuni, na dume ameanza kukojolea zulia la sebuleni.

Kabla ya beseni, mwangalie paka mwenyewe. Akiwa anachuchumaa kila saa, analia, mkojo unatoka matone au hautoki kabisa, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo. Dume akizibika njia ya mkojo, asipotibiwa hufa ndani ya siku chache.

Kama anakojoa vizuri, basi shida ni nafasi. Mabeseni yaliyobanana paka huyaona kama moja, na mbabe wa nyumba akijilaza mlangoni wengine hawapiti. Yatawanye mabeseni: bafuni, varanda, korido, mbali na chakula. Kwa paka watatu mimi naweka manne. Haya haya ya plastiki ya kufulia, mchanga uliochekechwa, kina cha vidole vitatu. Chota uchafu asubuhi na jioni.

Zulia usilimwagie jiki. Ikikutana na mkojo inatoa hewa kali ya kukaba kifua.

Na kwa kuwa shemeji ni mjamzito, kazi ya kuchota ni yako, kwa sababu ya toksoplasma, kijidudu cha kwenye kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.