Jibu: Kwa nini muda wa Nairobi–Lamu kwenye tiketi ni mrefu kuliko hesabu

Asalaam aleikum ndugu. Umeuliza kwa nini kikokotoo kinakupa dakika 35 kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Manda, Lamu, ilhali tiketi yako inaonyesha karibu saa mbili.

Umbali uliopata ni sahihi, kwani kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 465. Kilichokupoteza ni kasi: vikokotoo vingi huchukulia ndege ya jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa, na ndege zinazotua huku kwetu mara nyingi ni za rafadha. Cessna Caravan, kwa mfano, huenda takriban kilomita 340 kwa saa, hivyo safari hiyo huchukua saa moja na dakika 20 hata isiposimama popote.

Kwanza kabisa, angalia kama ndege yako inapitia Malindi. Ikipitia, njia inarefuka hadi kilomita 565 hivi, na dakika za kushusha na kupakia abiria zinaongezwa juu yake. Hapo saa mbili zinaeleweka.

Wageni ninaowapokea husahau jambo moja, nami nakusihi ulizingatie: Manda ni kisiwa kingine. Ukishatua, mizigo husukumwa kwa mkokoteni hadi gatini, kisha mnavuka mkondo kwa boti hadi mjini. Mimi huwaambia watenge dakika 45 tangu ndege kutua hadi kufika mlangoni, na maji yakiwa yamekupwa, zaidi kidogo.